KALAMU NI CHOMBO CHA KAZI
(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wafanya kazi huko Leparua, Isiolo)



Sisi ni watu wa reli, na reli haifiki Leparua. Stesheni ya karibu ni Nanyuki. Mwezi wa Machi 2012 huko Lamu ulizinduliwa mpango mkubwa wa LAPSSET, na reli ya kupita Isiolo imo katika mpango huo, lakini hata leo twaiona katika karatasi tu. Hata hivyo watoto wa hapa wamo katika kazi za reli, za barabara, za ulinzi wa wanyama na za mashamba. Kila mmoja wao ana mwajiri, na kila mwajiri ana faili. Tumekuja kuuliza swali moja: ndani ya faili ile, neno la mfanya kazi liko wapi?

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Haki nayo ni mali. Isipoandikwa, hupotea vile vile.

Wazee wetu walilijua jambo hili kwa uchungu. Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaandikisha wanaume Waafrika, na baada ya vita ya kwanza ikaanza kutumika. Ndicho kipande, kilichotiwa katika kikopo cha chuma na kuvaliwa shingoni. Ndani yake mliandikwa jina, alama za vidole, mwajiri na mshahara. Mtu akiondoka kazini bila bwana wake kumtilia sahihi, hakupata kazi kwingine kwa halali. Tazameni basi: karatasi ilikuwa yake, shingo ilikuwa yake, lakini kalamu ilikuwa ya mwingine. Harry Thuku, aliyekuwa karani wa simu katika ofisi ya Hazina mjini Nairobi, alipinga kipande hicho mwaka 1921. Naye hakupinga kwa kelele tu. Yeye na wenzake waliandika madai yao wakayapeleka kwa simu ya maandishi mpaka London.

Siku hizi hatuvai kipande, lakini watu wengi bado wafanya kama kalamu si yao. Basi tutasema mambo machache ya kuandika kazini. Si mambo ya wasomi. Aliyesoma shule ya misheni mpaka darasa la saba ayaweza yote.

Jambo la kwanza ni ripoti ya ajali. Tuchukue mfano. Mtu ameumia mkono akibeba mataruma ya reli. Mwenzake aandika hivi: “Kazi ilikuwa mbaya sana na mtu akaumia kwa ajili ya uzembe wa wakubwa.” Maneno haya yana hasira, na pengine hasira ni ya haki, lakini hayana habari. Nani aliumia? Lini? Wapi? Alikuwa afanya nini? Nani aliona? Sasa sikilizeni ripoti nyingine: “Jumanne tarehe 12 Machi 2024, saa 3 asubuhi, tulikuwa watu wanne tukishusha mataruma kutoka kwenye behewa. Kamba ilikatika. Taruma moja liliangukia mkono wa kushoto wa mwenzetu, likavunja vidole viwili. Kamba hiyo tulimwonyesha mnyapara siku ya Jumatatu kwamba imechakaa. Walioona ni hawa watatu,” kisha majina. Ripoti hii haimtukani mtu. Lakini mwajiri akiisoma hana pa kujificha, maana kamba imo, siku imo, na mashahidi wamo.

Tena, tenganisheni mambo matatu: uliyoyaona kwa macho, uliyoyasikia kwa watu, na unayoyadhani. Andika, “Niliona kamba imekatika,” au, “Niliambiwa na fulani kwamba kamba ni ya zamani.” Ukiyachanganya, wakili wa mwajiri atashika lile moja unalodhani tu, na kwa hilo atayatupa yote.

Msikawie. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007 yataka mwajiri ajulishwe habari ya ajali, kwa mdomo au kwa maandishi. Naye akishajulishwa ana siku 7 za kuripoti kwa Mkurugenzi wa usalama kazini. Ikiwa mtu amekufa, ni saa 24. Madai ya fidia yapelekwe katika muda wa miezi 12. Sheria yakubali mdomo, naam. Lakini miezi 11 ikipita, nani atathibitisha kwamba mdomo ulisema? Mtu aliyepoteza vidole, akapoteza na fidia kwa kukosa karatasi, ameumia mara mbili.

Jambo la pili ni saa na vipimo. Hapa twaomba mtusikilize sana. Mswahili akisema saa 3 asubuhi, saa ya Kizungu yaonyesha 9. Ukiandika “saa 3” peke yake, karani akaigeuza kwa Kiingereza, ajali yako itakuwa imetokea saa 9 za alasiri au saa 9 za usiku wa manane, na zamu yako haikuwapo. Mwajiri atasema wewe ni mwongo, na daftari la zamu litamuunga mkono. Kwa hiyo andika hivi: saa 3 asubuhi, yaani 0900. Hivyo hakuna wa kukosea.

Vipimo ni vivyo hivyo. Tarehe 23 Julai 1983 ndege ya shirika la Air Canada iliishiwa mafuta angani, kwa sababu hesabu ya mafuta ilichanganya ratili na kilo. Rubani aliitua bila injini katika kiwanja cha zamani huko Gimli, na kwa bahati njema hakuna aliyekufa. Nambari ilikuwapo katika karatasi, lakini kipimo chake hakikuwa sawa. Basi usiandike “mzigo ni 50.” Andika kilo 50, au magunia 50, au mita 50.

Jambo la tatu ni barua ya malalamiko. Barua moja ibebe jambo moja. Sema kwanza wataka nini, kisha sababu, kisha siku ya kujibiwa. Wengine huanza na salamu za nyumba nzima, wakaeleza shida ya karo, ya mvua na ya ng’ombe, na mwisho wa ukurasa wa pili ndipo wataja saa za ziada ambazo hawakulipwa. Mkubwa ameshachoka kusoma. Mwaka 1940 Bwana Churchill, Waziri Mkuu wa Uingereza, akiwa katikati ya vita, aliwaandikia wakuu wa idara zake karatasi ya ukurasa mmoja akiwataka waandike ripoti fupi zenye mambo yenyewe. Ikiwa mkuu wa nchi iliyo vitani hakuwa na nafasi ya kusoma maneno mengi, meneja wako atakuwa nayo?

Wala msiogope Kiingereza. Katiba ya 2010 yasema Kiswahili ni lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kiswahili kilichonyoka chashinda Kiingereza kilichopinda.

Jambo la nne ni barua inayokutaka ujieleze kwa nini usiadhibiwe. Ikija, mikono hutetemeka. Tulia. Isome mara mbili, au usomewe. Piga mstari chini ya kila shtaka, ulipe nambari, na ujibu moja baada ya moja. Ukijibu mawili na kuacha la tatu, watasema la tatu umelikubali. Jibu kabla ya siku waliyoitaja. Tena jueni kwamba Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, yamtaka mwajiri, kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa, amweleze sababu katika lugha anayoielewa, na mtu huyo ana haki ya kuwa na mfanya kazi mwenzake au mjumbe wa chama pale. Usiende peke yako.

Jambo la tano ni sahihi. Usitie sahihi katika karatasi usiyoielewa. Sheria hiyo hiyo yasema mkataba wa kazi wa miezi mitatu au zaidi uandikwe, na ikiwa mtu hajui kusoma au haijui lugha ile, mwajiri ahakikishe ameelezwa kwa lugha anayoielewa. Asiyejua kuandika aweza kutia alama ya kidole, mbele ya mtu asiyekuwa mwajiri wake. Hiyo si aibu. Aibu ni kutia kidole bila kuuliza.

Jambo la sita ni nakala. Barua ukiitoa bila kubaki na nakala, umetoa ushahidi wako bure. Peleka mbili, moja ipokewe, ya pili igongwe muhuri na tarehe, urudi nayo. Wakikataa kugonga muhuri, andika katika nakala yako siku, saa na jina la aliyepokea, na umwombe shahidi atie sahihi. Siku hizi karibu kila mtu ana simu ya mkono; piga picha ya barua, ya hati ya mshahara na ya daftari la zamu ulilotia sahihi. Lakini sauti iliyotumwa kwa simu isiwe ndiyo barua yako. Simu huibiwa, huvunjika, huzama majini.

Labda wengine watasema, “Ninyi mwatufundisha kazi ya makarani, sisi ni watu wa nguvu.” Ndugu zetu, chama hiki cha wafanya kazi kilijengwa kwa nguvu na kwa karatasi pamoja. Makhan Singh, mmoja wa waanzilishi wa vyama vya wafanya kazi katika Kenya, alifanya kazi katika kiwanda cha baba yake cha kupiga chapa, Nairobi. Alijua thamani ya karatasi iliyochapwa. Serikali ya kikoloni ilimweka kizuizini tangu 1950 mpaka 1961. Alipotoka hakutegemea kumbukumbu za kichwa tu. Alitoa kitabu cha historia ya vyama vya wafanya kazi wa Kenya mwaka 1969. Kama yeye na wenzake wasingeweka barua na kumbukumbu za mikutano, leo tungesimuliwa habari zetu na waajiri.

Basi twaomba mambo matatu kabla hatujaachana. Kila mfanya kazi anunue daftari la shule, aandike kila siku saa aliyoingia, saa aliyotoka na kazi aliyofanya, hata kama ni mstari mmoja. Kila kikundi cha kazi kichague mtu mmoja anayesoma vizuri, awasaidie wenzake bila malipo na bila kutoa siri zao. Na wenye watoto shuleni wawaulize jioni: mtoto aweza kumwandikia baba barua, na baba aweza kumfundisha mtoto namna ya kusema kweli kwa ufupi.

Jembe likikaa bila kutumiwa hushika kutu, na kalamu ni vivyo hivyo. Tuitumieni.

Umoja ni nguvu.