Baiskeli bila mzigo

Ndugu msikilizaji, juma hili nataka tuzungumze juu ya baiskeli. Sina maana ya baiskeli ya kupelekea maziwa dukani, wala ile ya kushushia mikungu ya ndizi sokoni Mbuyuni. Nina maana ya baiskeli ya kutembelea: mtu anaipanda asubuhi, karia ikiwa tupu, hana haraka, na akiulizwa anakwenda wapi anajibu kwamba anatembea tu.

Najua hapa Moshi jibu hilo huchekesha. Mtu mzima akionekana juu ya baiskeli siku ya Jumamosi, rafiki zake humpa pole na kumwuliza gari limeharibika lini. Katika fikra za wengi wetu, baiskeli ni chombo cha mtu ambaye bado hajapata pikipiki, na pikipiki ni chombo cha mtu ambaye bado hajapata gari. Tumeipanga kama ngazi, na anayeshuka ngazi kwa hiari yake huonekana ana kasoro kichwani.

Wenzetu wengine hawaoni hivyo. Huko Uingereza, upande wa mashariki, katika majimbo kama Cambridgeshire na Norfolk, kuna nchi tambarare kabisa yenye mifereji, mashamba mapana na vijiji vilivyokaribiana. Watu hutoka na baiskeli zao, wakaenda polepole kijiji hadi kijiji, wakapumzika, wakanywa chai, wakaendelea. Jambo hilo si la jana. Chama cha watalii wa baiskeli kilianzishwa nchini humo mwaka 1878, kabla ya motokaa kuonekana barabarani. Na mwaka 1886 waendesha baiskeli wa Uingereza waliunda chama cha kudai barabara zitengenezwe vizuri zaidi. Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, wenye magari wanapotupigia honi tuwapishe, wakumbuke kwamba watu wa baiskeli walidai barabara nzuri kabla yao.

Sasa tujiulize: je, sisi hatuna nchi ya namna hiyo? Tunayo, tena ipo chini ya miguu yetu. Tatizo ni kwamba sisi watu wa Kilimanjaro tumezoea kutazama juu. Mgeni akija tunamwonyesha Kibo, mita 5,895, na tunampeleka Marangu au Machame. Nchi ya chini tunaiita porini. Wazee walikaa katika kihamba chao mlimani, kwenye migomba na kahawa, wakashuka tambarare kulima mahindi na maharage, kisha wakapanda tena jioni kukimbia joto na mbu. Mpaka leo wako watu waliozaliwa Kibosho au Old Moshi ambao wanaijua Dar es Salaam mtaa kwa mtaa, lakini hawajafika Kahe.

Mimi huondoka mjini alfajiri. Wakati huo mlima huwa wazi, kabla mawingu hayajaufunika. Huteremka kwa Pasua na Mabogini. Mteremko ni mdogo sana, huhitaji kukanyaga kwa nguvu, na baada ya muda mfupi nyumba hupungua na mashamba ya mpunga huanza. Hapo ndipo penye mradi wa umwagiliaji wa Moshi Chini, uliojengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika mwaka 1987. Ulikusudiwa kumwagilia mpunga wa hekta kama 1,100. Mtu anayepita kwa basi huona rangi ya kijani tu. Mtu wa baiskeli huona zaidi, maana mfereji unakwenda naye sambamba. Huona shamba moja lina maji tele na la jirani udongo wake umepasuka. Huona watu wamekaa kwenye lango la mfereji wakisubiri zamu yao. Ukisimama ukawasalimu, watakueleza wenyewe: mpunga ulipoonekana una faida, wakulima wa juu nao waliupanda, nao wakayazuia maji kabla hayajafika chini. Somo hilo la maji, ambalo ni kubwa kwa mkoa wetu mzima, nililipata kwa kusimama kando ya njia.

Kutoka hapo hupita Chekereni hadi Kahe, penye njia panda ya reli. Reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walitengeneza tawi la kuiunganisha na Voi kupitia Taveta, na mwezi Machi mwaka huo majeshi yalipigana hapo hapo Kahe. Garimoshi la abiria lilipotea kwetu kwa zaidi ya miaka 20, likarudi Desemba 2019. Ukishika njia nyingine kutoka Mabogini, utaingia katika miwa ya TPC, shamba lililoanzishwa na Wadenishi miaka ya 1930, likataifishwa baadaye, na likabinafsishwa mwaka 2000. Historia yote hiyo imo katika mwendo wa asubuhi moja, na hakuna kiingilio.

Siku moja karibu na Chekereni nilimkuta mama mmoja amekaa kando ya tita kubwa la majani ya ng'ombe. Tukasalimiana. Akaniuliza, "Mwanangu, wakimbilia wapi?" Nikamwambia, "Sikimbilii popote, mama. Natembea tu." Akaitazama baiskeli yangu, akaitazama karia, akasema, "Baiskeli nzima, haina kitu nyuma?" Nilicheka, naye akacheka. Tukalifunga tita lake kwenye karia, tukatembea pamoja mpaka mahali anapopandia gari. Akaniambia ng'ombe wake wako zizini kule juu Kilema, na kihamba hakina tena majani ya kuwatosha kwa kuwa kimegawanywa kwa watoto wote wa kiume. Kwa hiyo hushuka mara tatu kwa juma. Tulipoachana akasema, "Aika, mwanangu. Tembea tena kesho."

Nawaeleza habari ya mama yule kwa sababu. Barabara ninayoipenda kwa matembezi ndiyo barabara anayoitafutia riziki yeye na wenziwe. Kwangu ni burudani, kwao ni kazi, lakini hatari ni moja. Tazameni barabara kuu ya kutoka Himo hadi Moshi, na ile ya kutoka Moshi kwenda Boma Ng'ombe. Huyu ana matita ya mabua yaliyopita upana wa usukani. Yule ana magaloni ya maji. Basi linakuja nyuma kwa kasi, dereva anapiga honi mara moja tu, na mtu wa baiskeli anatakiwa kushuka kwenye lami. Mahali pengine ukingo wa lami umelika, umekuwa kama kizingiti. Akishuka anaanguka, asiposhuka anagongwa. Hospitali ya KCMC, inayohudumia wagonjwa wa kanda ya kaskazini tangu mwaka 1971, hupokea majeruhi wa barabarani mchana na usiku. Wengine katika hao walikuwa wamebeba majani ya ng'ombe tu.

Sisemi kwamba pikipiki ni adui. Bodaboda humfikisha mama mja mzito zahanati usiku wa manane, jambo ambalo baiskeli haliwezi kwenye milima yetu. Hata jina lenyewe lilianza na baiskeli, kule Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, vijana walipowabeba wasafiri kutoka mpaka hadi mpaka. Ninachosema ni kwamba tusiidharau baiskeli mpaka tukasahau kuitengea nafasi. Haiombi mafuta, haitoi moshi, na tairi likipasuka kwa mwiba wa mgunga, fundi yupo chini ya mwembe katika kila kijiji.

Nayasema mambo matatu. La kwanza ni kwa wanaopanga barabara: kila lami inapopanuliwa au kutengenezwa upya, watengeneze pembezoni njia ya watu wa baiskeli na waenda kwa miguu, iliyo sawa na lami, isiyo na kizingiti. Njia hiyo isihesabiwe kuwa pambo la kuongezwa fedha zikibaki.

La pili ni kwa madereva. Mtu wa baiskeli mwenye mzigo hawezi kuruka kama panzi. Punguza mwendo, subiri, pita kwa nafasi. Dakika moja uliyoipoteza Kiboriloni utaipata kabla hujafika stendi.

La tatu ni kwa wazazi. Wafundisheni watoto baiskeli, na wasichana wasiachwe. Mara nyingi ni wao wanaobeba maji na majani kichwani, na mara nyingi baiskeli ya nyumbani huwa ni ya kaka. Msichana anayejua kuendesha hufika shule mapema, na huokoa shingo yake.

Na wewe unayetaka kujaribu matembezi, sikia. Toka mapema, kabla jua halijawa kali. Chukua pampu, viraka na gundi. Miezi ya masika acha njia za udongo mweusi, kwani utambeba baiskeli badala ya yeye kukubeba. Usinyamaze njiani: salimia kila unayemkuta, maana ukipita kimya watu wa kijijini hukuhesabu kuwa mwenye shari. Tena kumbuka, kushuka ni rahisi, lakini Moshi ipo juu ya Kahe. Wakati wa kurudi mteremko ule usiouona asubuhi utakuwa kilima, na jua litakuwa utosini. Weka akiba ya nguvu, na akiba ya maji.

Wahenga walisema tembea uone. Hawakusema kimbia uone. Wengi wetu tunapita katika nchi yetu kwa mwendo ambao hauruhusu kumjua jirani, wala kujua maji yake yameishia wapi. Jumamosi ijayo, kama una baiskeli iliyoegemea ukuta wa stoo, ipanguse vumbi, itie upepo, ushuke tambarare. Na ukimkuta mtu ana mzigo, karia yako ikiwa tupu, unajua la kufanya.