Moshi Uliolala: Mlima, Msimu na Hewa ya Gitting



Kuna kijana aliyewahi kuninyooshea simu yake akaniambia, "Profesa, tazama, hewa ya Gitting leo ni nzuri." Kwenye kioo kulikuwa na duara la kijani na namba moja katikati. Tulikuwa tumesimama Gitting kwenyewe, chini ya Mlima Hanang, mwezi Julai, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na kikohozi hakikunipa nafasi ya kumjibu. Namjibu leo.

Namba ile hakuna aliyeipima pale. Ni makadirio ya kompyuta. Mfumo wa Copernicus wa Ulaya, kwa mfano, unapokadiria hewa ya dunia nzima, huigawa dunia katika miraba yenye upande wa kilomita 40 hivi. Chukueni ramani ya Hanang muiwekee mraba wa namna hiyo. Humo kinaingia kilele chenye zaidi ya mita 3,400, mji wa Katesh, Gitting yenyewe na Ziwa Balangida lililo chini ya kilele kwa zaidi ya kilomita moja na nusu. Vyote hivyo, namba moja. Ni kama daktari aliyejumlisha joto la wagonjwa wa wodi nzima, akagawanya, akatangaza kwamba hakuna mwenye homa. Tena ndani ya mraba huo mlima wenyewe husawazishwa ukawa kama kichuguu. Na ukishauondoa mlima, umeiondoa habari yote ya Gitting. Kisha huja wastani wa saa 24, ambao huchukua alfajiri mbaya na adhuhuri njema ukatupatia siku isiyokuwapo.

Jinsi hewa baridi inavyoteremka mlimani usiku na kutuama mabondeni, wenzangu wa jiografia mnaijua, nipite. Nitakalo ni ule mwezi wa Julai. Kuanzia Novemba hadi Mei mvua husuuza anga. Juni hadi Agosti ni kipupwe: usiku hauna mawingu, ardhi hupoa upesi, na moshi wa mafiga hukosa pa kwenda. Hapo jikoni kuni zinawaka kabla ya jua kuchomoza, katika saa ileile ambayo hewa imefunikwa kama chungu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango cha chembe laini kinachokubalika hadi maikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka. Sihitaji mtambo kujua upande tulioko. Bibi aliyenipa malazi alitoka nje, akatazama paa la jirani, akasema, "Mwanangu, moshi umelala. Usianike shati sasa." Aliijua jiografia kuliko ile simu. Mkakati wa taifa unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Namwombea bibi huyo awemo.

Ila kosa si la moshi wa jikoni peke yake; kuna na vumbi, na hapa naomba mnivumilie na kitabu changu. *Pastures Lost* cha Charles Lane, cha mwaka 1996, nimekinunua mara tatu, kwa kuwa wanafunzi hawarudishi. Lane anaeleza jinsi wafugaji Wabarabaig walivyohamisha mifugo kwa zamu kati ya aina za malisho, na jinsi muhajega, malisho yao bora kuliko yote, yalivyochukuliwa na mashamba ya ngano ya NAFCO, shirika la serikali la kilimo na chakula, kwa msaada wa Kanada: ekari zipatazo 100,000 katika tambarare za Basotu. Kila mara nikisoma kurasa hizo nawakumbuka wakulima wa mbuga za Kanada miaka ya 1930, walioona udongo wao uliolimwa ukipeperuka na kulifunika jua. Kilimo cha huko ndicho kilicholetwa kwetu. Nyasi zilizoshika udongo zikang'olewa, na Septemba chamchela zikapata cha kuchezea.

Mwenzangu wa hali ya hewa hunisuta: kiangazi upepo hutoka kusini mashariki, na Basotu iko magharibi ya Gitting, kwa hiyo vumbi hilo huenda zake mbali. Kwa upepo mkuu, kweli tupu. Nimekubali mbele ya watu, na nakubali tena. Lakini mchana mteremko ukipata joto, mlima huvuta hewa ya tambarare kuja juu, hata kinyume cha upepo mkuu unapolegea. Kwa hiyo Basotu sijaiachilia.

Oktoba moja nilifuta meza ya yule bibi asubuhi, nikaifuta tena saa kumi jioni. Mara ya pili kitambaa kilitoka na rangi ya kahawia. Vumbi la barabara, anasema mwenzangu. Kitambaa ninacho bado, nimekikunja ndani ya kitabu cha Lane. Akitaka kukipeleka maabara, anione baada ya mhadhara.