Mama Mkwe wa Petro Alipoinuka



Mwinjili Marko, katika sura ya kwanza, atueleza habari za mama mkwe wa Simoni Petro aliyelala kitandani kwa homa. Bwana alimshika mkono, akamwinua. Homa ikamtoka, naye akaanza kuwahudumia wageni. Twasifu uponyaji, lakini lile la mwisho twalipita haraka: mama yule alirudishiwa jiko lake, wala hakuna aliyemzuia.

Sisi twazuia. Mzee wetu akipatwa na kiharusi, mkono wa kuume ukalegea, siku ile ile twaanza kumlisha na kumvika. Na mwaka ukipita bado twamlisha, ingawa pengine mkono wa kushoto ungeliweza. Ni upendo, hatukatai. Lakini mzee ameketi barazani kama mgeni katika nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Wako wahudumu wa afya ambao kazi yao ni kumrudisha mtu katika shughuli zake za kila siku. Huduma yao huitwa tiba kwa vitendo. Nchini Kenya mafunzo yake yalianza mwaka 1968. Kwetu Tanzania hufundishwa Moshi, katika hospitali ya KCMC. Mhudumu huyo huanza kwa kuuliza, kama Bwana alivyomwuliza Bartimayo pale Yeriko, mgonjwa ataka nini. Mmoja atataka kuoga bila kushikwa, mwingine kuwapikia wajukuu uji. Kisha kazi hiyo hugawanywa hatua ndogo ndogo. Katika kuvaa shati, mkono uliolegea huingia kwanza; katika kuvua, hutoka mwisho. Kitambaa chenye unyevu chini ya sahani huizuia isiteleze. Mpini wa kijiko huviringishiwa utepe wa mpira wa baiskeli ili ushikike. Chooni huwekwa kiti chenye tundu, kwa asiyeweza kuchutama. Fedha inayohitajika ni kidogo. Kinachohitajika ni muda, nasi tu watu wa haraka, hasa asubuhi ya Jumapili kengele ya pili ikishalia.

Si yote ya kujaribu peke yetu. Mgonjwa anayepaliwa kila anywapo maji aonwe na wataalamu kabla ya kuachiwa kijiko.

Juma hili, jumuiya zetu ndogo ndogo zitakapowatembelea wagonjwa, tumwulize mgonjwa mwenyewe, wala si binti yake, ni kazi gani anayoitamani. Akisema ni kuchambua mchele, apewe ungo, nasi tukae tumngojee.