Mintarafu ya Mafuta ya Funza katika Lishe ya Kuku na Mifugo



Tangu habari za nzi askari mweusi, ambaye wataalamu humwita Hermetia illucens, zilipoanza kuenea katika nchi zetu za Afrika Mashariki, mazungumzo karibu yote, semina kwa semina na banda kwa banda, yamekuwa ni ya protini. Na sababu yake haifichiki, kwani dagaa wa Ziwa Viktoria anagombewa na binadamu na kuku, na soya aghalabu hununuliwa kutoka mbali. Walakini mwenye kuwakamua funza wa nzi huyo hupata vitu viwili, mashudu na mafuta. Na hayo mafuta, yatajwayo kwa nadra kana kwamba ni jambo la pembeni, ndiyo niliyokusudia kuyazungumza leo, kwa kuwa naamini ni bidhaa yenye thamani yake yenyewe na masharti yake yenyewe.

Nzi huyu, ambaye asili yake ni bara la Amerika, akishaota mbawa hali chakula cha kutajika: huishi siku chache, hutaga mayai yake kwa mamia, kisha hufa. Kwa hiyo masurufu ya safari hiyo yote hana budi kuyaweka mwilini angali funza, katika muda wa kama wiki mbili za kula bila kupumzika. Na ndiyo maana funza aliyekomaa, akikaushwa, aghalabu huwa na mafuta kiasi cha asilimia 30, yakizidi au kupungua kwa kadiri ya alichokula, ilhali protini yake hukaribia asilimia 40. Watu wa Bukoba, wanaowakaanga senene kwa mafuta ya senene wenyewe, hawahitaji kuhubiriwa kwamba mdudu ana mafuta. Ila mtu asije akaondoka hapa akisema nimewashauri muwape kuku senene.

Mtu wa pwani akielezwa tabia ya mafuta haya ataitambua mara moja. Katika asidi zinazoyaunda, iliyo kubwa kuliko zote ni asidi ya lauriki, ambayo mara nyingi hufikia asilimia 40 au zaidi, na hiyo ndiyo inayotawala pia katika mafuta ya nazi. Kukiwa na baridi mafuta haya huganda, yakipata joto huyeyuka. Asidi hiyo imeonekana katika maabara kuwa ni adui wa bakteria wa jamii ya Clostridium perfringens, wale waozeshao utumbo wa kuku. Lakini kinachotokea ndani ya kichupa cha maabara si lazima kitokee ndani ya banda lenye kuku elfu moja, na kwa sababu hiyo siwezi kumruhusu mtu ayauze mafuta haya kwa jina la dawa.

Kuhusu kuku wa nyama, ushahidi tunao. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Torino huko Italia, akiwamo Achille Schiavone, waliondoa mafuta ya soya katika chakula cha kuku, nusu kwa kundi moja na yote kwa kundi jingine, wakatia ya funza mahali pake. Na matokeo waliyoyatangaza mwaka 2017 yalionyesha kwamba kuku wale hawakupungukiwa na ukuaji. Kilichobadilika ni mafuta ya nyama yenyewe, kwani yale mazito, ya namna inayoganda, yaliongezeka, na yale mepesi yanayosifiwa na madaktari yakapungua. Rai yangu kwa hiyo ni kwamba nusu yatosha, na mwenye kutaka kuweka yote ajue anachokibadilisha katika sahani ya mlaji.

Kuku wa mayai wana haja nyingine. Wao huhitaji asidi ya linoleiki, kiasi cha asilimia 1 ya chakula chao, na hiyo ni haba katika mafuta ya funza. Hata hivyo tiba yake iko karibu: mashudu ya alizeti ya Singida na Dodoma, yatokayo katika mashine ndogo zisizokamua hadi tone la mwisho, hubaki na mafuta mengi yenye asidi hiyo, na mwenye kuyachanganya na mafuta ya funza huwa amemaliza kazi. Vitoto vya nguruwe hunufaika kwa kuwa mafuta ya namna hii hugeuka nguvu upesi mwilini. Ama ng'ombe, hadhari: mafuta yote ya chakula chake yakizidi asilimia 6 au 7 ya uzito mkavu, vijidudu vya tumbo lake la kwanza, vinavyomsagia majani, hudhoofika, na asidi ya lauriki ni kali kwao kuliko nyingi nyingine.

Sasa niseme juu ya uchakataji, maana hapo ndipo mali huharibikia. Funza akiachwa afe taratibu, au akigandishwa kwa baridi, vimeng'enya vya mwili wake huendelea kuyavunja mafuta, na asidi huru huongezeka hata mafuta yakaingia uvundo kabla hayajafika sokoni. Akitumbukizwa katika maji yanayochemka kwa muda mfupi, vimeng'enya hivyo hukoma. Sufuria kubwa, kikapu cha waya, na jiko: hakuna mfugaji atakayesema vyombo hivyo vimemshinda. Baada ya hapo funza hukaushwa, hukamuliwa wangali na joto, mafuta yakachujwa kwa kitambaa na kuachwa yatuame, kisha yakatiwa katika madumu yaliyojaa hadi shingoni na kuwekwa mbali na jua.

Limebaki suala la chakula cha funza mwenyewe. Umoja wa Ulaya, ulioruhusu protini ya wadudu kwa samaki mwaka 2017 na kwa kuku na nguruwe mwaka 2021, umekataza kuwafuga wadudu hao juu ya kinyesi na makombo ya jikoni. Nasi Waislamu tunayo mafundisho ya mafakihi juu ya jalala, mnyama alaye najisi, kwamba azuiliwe na kulishwa kilicho safi kabla ya kuchinjwa. Na ijapokuwa hukumu ya funza nawaachia masheikh, mnunuzi ana haki ya kujua funza wake walilelewa juu ya maembe yaliyooza sokoni au juu ya kitu kingine.

Kenya ilitoa mwaka 2017 viwango vya bidhaa za wadudu waliokaushwa kwa ajili ya chakula cha mifugo, nayo ilikuwa hatua njema. Naiomba semina hii ipeleke kwa mashirika yetu ya viwango pendekezo la kipengele cha mafuta peke yake, kitakachotaja kiwango cha asidi huru, namna funza alivyouawa, na alicholishwa, na kuwalazimu watengenezaji kuyaandika hayo juu ya kila dumu.