Saa Mbili za Mtoto

(Mazungumzo na wanakisomo wa Kitura, Wilaya ya Mbinga)

 

Leo tumekuja na jambo la akina mama wanaonyonyesha huku wameajiriwa. Akina baba, msiondoke. Jambo hili ni lenu pia, na mtaona kwa nini.

Tuanze na mama mmoja wa darasa letu. Jina lake tunalihifadhi. Mama huyu aliajiriwa mahali fulani kuchagua kahawa kwenye vichanja. Alijifungua, akapumzika, akarudi kazini. Mtoto alikuwa na miezi miwili na nusu. Alibaki kwa bibi yake, mwendo wa nusu saa. Mama alitoka nyumbani alfajiri, akarudi jioni. Mchana matiti yalijaa, yakauma. Akawa anajificha nyuma ya vichanja, anakamua maziwa, yanamwagika chini. Kule nyumbani mtoto analia kwa njaa, na bibi anampa uji mwepesi. Hazikupita siku nyingi mtoto akaanza kuharisha.

Mama akamwomba msimamizi ruhusa ya kwenda kunyonyesha. Akajibiwa, "Hapa ni kazini, siyo kliniki." Akanyamaza. Mwisho akaacha kazi, na mshahara ukakatika.

Ndugu zetu, mama yule anajua kusoma. Sisi ndio tuliomfundisha. Lakini hatukuwahi kusoma naye sheria inayomhusu. Hilo ni kosa letu. Leo tunataka kulisahihisha.

Haya, sheria inasemaje?

Tanzania Bara tunayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Inasema hivi:

1. Mama mwajiriwa anayejifungua ana haki ya likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo. Akijifungua mapacha, ni siku 100.

2. Asifanye kazi ndani ya wiki 6 baada ya kujifungua, ila kama daktari amethibitisha kuwa anaweza.

3. Akirudi kazini naye ananyonyesha, mwajiri ni lazima amruhusu kumnyonyesha mtoto ndani ya saa za kazi. Muda huo usizidi saa 2 kwa siku.

4. Mwajiri asimpe mama mjamzito au anayenyonyesha kazi ya hatari kwa afya yake au ya mtoto. Kazi ya usiku pia imekatazwa kwa miezi 2 baada ya kujifungua.

5. Mimba siyo sababu halali ya kumfukuza mtu kazi.

Mwaka 2025 sheria iliongezewa jambo jema. Mama aliyejifungua mtoto njiti anaongezewa zile wiki zilizobaki kufikia wiki 40 za mimba.

Sasa tutoe madaftari, tufanye hesabu. Siku 84 ni wiki 12. Wataalamu wa afya wanasema mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, hata maji asipewe. Kisha aanze vyakula vingine, lakini aendelee kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi. Miezi 6 ni kama wiki 26. Toa 12, zinabaki 14. Na kama mama alianza likizo wiki 4 kabla ya kujifungua, zinabaki wiki 18. Wiki hizo zote mtoto atakula nini? Mnaona wenyewe. Hapo ndipo zinapoingia zile saa 2. Bila hizo, likizo ikiisha na maziwa yanaisha.

Jambo hili siyo geni duniani. Mwaka 1919 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba kwamba mama anayenyonyesha apewe nusu saa mara mbili kwa siku. Majirani zetu wa Kenya nao, katika Sheria ya Afya ya mwaka 2017, wanamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea, na chumba hicho kisiwe chooni.

Je, nani anahesabiwa kuwa mwajiriwa? Siyo karani na mwalimu tu. Mtumishi wa nyumbani naye ni mfanyakazi. Kwa kawaida aliyefanya kazi chini ya miezi 6 hana likizo ya malipo. Lakini aliyeajiriwa kwa msimu sheria imemtaja kuwa anayo. Wachumaji na wachaguaji wa kahawa walioajiriwa, mlisikie hilo.

Tunajua wengi hapa mnalima mashamba yenu wenyewe. Hamna mwajiri wa kumdai saa 2. Lakini maziwa hayajui nani kaajiriwa na nani hakuajiriwa. Hapo mwenye kutoa ruhusa ni sisi nyumbani.

Ndiyo maana tumesema akina baba msiondoke. Rudini kwenye mfano wetu. Nusu saa kwenda, nusu saa kurudi: saa 1 imeliwa na njia! Lakini baba akimbeba mtoto, akampeleka karibu na kazini, mama anapata muda wote wa kunyonyesha. Hata sheria imempa baba mwajiriwa siku 3 za likizo ya malipo mtoto anapozaliwa, azichukue ndani ya siku 7. Siku hizo siyo za kilabuni.

Ndugu zetu, sheria ni kama ngoro. Ngoro huchimbwa mapema. Usipochimba, mvua inakuja na udongo unakwenda zake. Basi tuchimbe mapema. Mama amwarifu mwajiri angalau miezi 3 kabla ya kujifungua, na cheti cha mganga kiwepo. Tusiseme kwa mdomo tu. Kalamu tunayo. Tuandike hivi:

"Kwa Mwajiri wangu. Mimi ni mfanyakazi wako. Natarajia kujifungua mwezi wa ...... Cheti cha mganga nimekiambatanisha. Naomba likizo yangu ya uzazi kuanzia tarehe ...... Nikirudi kazini nitakuwa nanyonyesha. Naomba tukubaliane muda wa kumnyonyesha mtoto, usiozidi saa 2 kwa siku, kama sheria inavyosema. Wako mtiifu, ......"

Weka tarehe na sahihi. Andika nakala mbili. Moja mpe mwajiri, moja ibaki nyumbani pakavu.

Na mwajiri akikataa? Mwone Afisa Kazi, au chama cha wafanyakazi kama kipo. Ipo pia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yenye ofisi mikoani. Ukiachishwa kazi isivyo halali, peleka shauri ndani ya siku 30. Madai mengine ni siku 60. Usikae nyumbani ukihesabu miezi.

Mkiwa katika vikundi vyenu, mjadili haya:

1. Kijijini kwetu ni akina mama gani wameajiriwa? Nani atawasomea ukurasa huu?
2. Mama akiwa kazini au shambani, nani atampelekea mtoto?

Mtoto hawezi kuandika barua. Tumwandikie sisi.