Saa 72 za Mfungwa



Septemba 1996, hapa hapa Kampala, wajumbe wa nchi 47, 40 kati yake za Afrika, walitoa Azimio la Kampala kuhusu hali ya magereza. Walikubaliana kwamba mfungwa hubaki na haki zake zote isipokuwa zile ambazo kifungo chenyewe kimemwondolea. Mwaka 2012 tukatunga sheria ya kupiga marufuku utesaji, inayoiruhusu mahakama kuamuru aliyeteswa alipwe fidia. Lakini amri hiyo huja baada ya hukumu, pengine miaka baadaye.

Aliyebakwa gerezani hawezi kungoja hivyo: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianzwe ndani ya saa 72 baada ya tukio, kisha zimezwe siku 28. Sasa mfikirieni kijana mahabusu aliyebakwa wodini Ijumaa usiku. Milango imefungwa. Wa kwanza kuambiwa ni katikiro wa wodi, yaani mfungwa anayewasimamia wenzake, ambaye huenda ndiye aliyemtenda. Asubuhi atatakiwa aeleze mbele ya askari kwa nini anataka kumwona daktari. Atasema nini, na wenzake wanasikia? Kanuni yetu ya Adhabu inamtambua mwanamke au msichana peke yake kuwa ndiye anayebakwa, na kijana huyu anaogopa kwamba akifungua mdomo atageuzwa mshtakiwa. Ananyamaza. Jumatatu usiku muda umekwisha.

Wenzetu Marekani walitunga sheria dhidi ya ubakaji magerezani mwaka 2003, lakini hadi 2016 fedha za mfuko wa serikali kuu wa kuwasaidia waathirika wa uhalifu zilikatazwa kuwahudumia walio kifungoni. Sisi tusingoje miaka 13.

Ninachoomba ni fungu la bajeti lililoandikwa ndani ya sheria yetu yenyewe ya 2012. Linunue dawa hizo kwa kila zahanati ya gereza, si hospitali ya magereza ya Murchison Bay tu. Limlipe mshauri nasaha asiyewajibika kwa mkuu wa gereza. Litie mafuta gari la kumpeleka mgonjwa hospitali usiku.

Najua tutaulizwa kwa nini tuanze na wafungwa wakati raia wema hawana dawa. Raia akiumizwa hupanda bodaboda akatafuta hospitali nyingine. Mfungwa tumemfungia sisi, na ufunguo tunao sisi.

Waheshimiwa wabunge, rasimu ya kifungu cha fungu hilo imo katika makabrasha yenu. Naomba tuipitie mchana huu, neno kwa neno, kabla hamjarudi Bungeni. Natamka kwamba kikao kimefunguliwa rasmi.