Miche ya Asili kwa Mteremko Ulioungua
Maneno ya Katibu katika Mkutano wa Sherehe ya Miaka 10, Tukuyu



Nilipoagizwa kusema leo, wengi walitazamia nisome hesabu za kahawa na chai. Hesabu hizo zimo katika kurasa nyingine za kitabu hiki. Mimi nitasema habari za mteremko ulioungua juu yetu, katika Mlima Rungwe, na miche inayostahili kupandwa huko.

Mlima huu, wenye kimo cha karibu meta 2,960, ndio utupao maji. Mito kama Kiwira na Mbaka huyapokea na kuyapeleka Ziwa Nyasa. Mwaka 2009 Serikali iliufanya msitu wake, zaidi ya hekta 13,000, kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia. Humo aishi kipunji, nyani yule ambaye wataalamu walimtambua mwaka 2003, ijapokuwa wawindaji wa hapa walikuwa wakimtaja zamani. Lakini tangazo la Serikali halizimi moto. Kiangazi kikifika, huyu afukuza nyuki kwa moshi, yule asafisha shamba, mwingine ataka majani mabichi ya ng'ombe. Penye miti huota kangaga na majani marefu, nayo yakikauka huwa kuni za moto wa mwaka ujao.

Sasa hapana budi niseme kosa langu. Miaka 6 iliyopita nilisimama mbele yenu nikaisifu mikaratusi. Mkanisikiliza, tukaipanda mahali palipoungua, karibu na chemchemi. Ilikua upesi, nasi twapata kuni na nguzo. Lakini mwezi wa Septemba mama zetu wa kule hungoja ndoo ijae hata mtoto mgongoni akalala na kuamka. Sisemi mikaratusi peke yake ndiyo yenye hatia, maana moto ulikwisha kuondoa kivuli kabla yake. Hata hivyo ushauri ulikuwa wangu.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma jinsi watu wa nchi nyingine wanavyoponya ardhi iliyoungua, na habari iliyonigusa sana yatoka jangwani, katika jimbo la Arizona, Marekani. Huko kuna mpungate mkubwa uitwao saguaro, unaosimama kama nguzo. Mwezi Juni 2020 moto mmoja karibu na mji wa Phoenix ulichoma zaidi ya hekta 75,000, na mipungate mingi ikafa, kwa kuwa haikuumbwa kustahimili moto. Sikieni tena jambo la kustaajabisha: moja ya majani yanayolisha mioto ya jangwa lile yana asili ya Afrika. Ni yale waitayo wataalamu Cenchrus ciliaris, malisho mazuri ya ng'ombe wetu wa Kongwa. Yalipelekwa huko katika karne ya 20 kwa ajili ya malisho na kuzuia mmomonyoko. Kwetu ni baraka. Kule yamekuwa adui, na watu wa kujitolea huyang'oa kwa majembe.

Wenyeji wa huko hawakupanda mti wa haraka badala ya mpungate wao. Wanaupanda uleule, nao baada ya miaka 8 huwa haujapita urefu wa kidole! Matawi yake ya kwanza huweza kungoja miaka 50 au 70. Tena mche hauishi juani peke yake. Huwekwa chini ya mti mwingine, ambao huitwa mlezi, upate kivuli mpaka uwe na nguvu.

Jambo hilo la mlezi twaweza kulitumia hapa, ijapokuwa sisi tuna mvua na wao hawana. Katika misitu yetu kuna mti uitwao Macaranga, ambao huwahi kuota mahali palipofunguka na kukua haraka. Huo utangulie kuyaziba majani kwa kivuli chake. Miti ya polepole ifuate chini yake. Mbegu zikusanywe mlimani petu, na kazi ndani ya hifadhi ifanywe kwa idhini ya Wakala wa Huduma za Misitu.

Mzee mmoja aliniuliza wiki iliyopita, "Mwanangu, miti hiyo itaniuzia nini?" Nilimjibu, "Mzee wangu, haitakuuzia kitu." Hakupendezwa, na sikutaka kumdanganya. Mwenye kiwanja mbali na maji na apande mikaratusi yake, kuni zinatakiwa. Ninaloomba ni kwamba nusu ya kitalu cha Chama iwe ya miche ya asili, na ile mikaratusi ya chemchemini ikatwe, kisha visiki vichipuapo viangaliwe. Pia vijana wa zamu wafyeke barabara za kuzuia moto kabla ya Julai. Kupanda pasipo walinzi ni kumwandalia moto karamu.

Gharama itatoka katika ushuru wetu, nami najua bei ya mbolea ilivyo. Nimemwomba Bwana Mweka Hazina asome azimio hilo na kiasi cha fedha kabla ya chakula, kwa sababu baada ya chakula ndugu zetu wa Isongole huwahi magari.